Kanisa la Kulindia Uwanja

Sebule yetu haikuwa yetu. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri, ilikuwa shule ya nasari, na mama yangu ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu, mpishi wa uji na mpangusa makamasi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu, basi nikawa msaidizi wake bila mshahara, na bila shukrani pia, maana mama aliamini kwamba mtoto akimsaidia mzazi anarudisha tu maziwa aliyonyonya.

Watoto walikaa kwenye makochi, wakakaa kwenye mikono ya makochi, na waliochelewa walikaa kwenye mkeka chini ya televisheni, ambayo ilishika chaneli moja tu, nayo ilikuwa na mvua mwaka mzima. Kuta zilijaa herufi. Mlango wa choo ulibandikwa CH na picha ya chura, na mgeni akiomba kujisaidia alielekezwa kwa chura.

Baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda kimoja kule Industrial Area. Akipangiwa zamu ya usiku alilala mchana, au alijaribu. Ukuta uliotenganisha kitanda chake na darasa ulijengwa na fundi aliyedhani saruji ni kiungo, inatiwa kidogo tu kwa ajili ya ladha. Baba alisema angeweza kusamehe nyimbo, kilio, hata yule mtoto aliyemkojolea kiatu, lakini ba be bi bo bu ilimfuata mpaka barabarani. Siku moja alisimamishwa na polisi wa trafiki akajikuta anaiimba huku anatafuta leseni.

"Mwalimu," alimwambia mama, maana hata yeye alimwita hivyo, "hii nyumba nilinunua nikae, si nijifunze kusoma."

Mama alimjibu kama alivyomjibu kila mara, kwamba ni ya muda tu, nasari ikishajengwa uwanjani atakaa kwenye kochi mpaka achoke.

Uwanja huo ndio ulionileta kwenye kalamu, na siwezi kuueleza bila kueleza mtaa. Mtaa wetu ulikuwa wa ushirika. Madereva, makarani, wachonga vinyago kutoka Ukambani, wafanyabiashara na mafundi kutoka sehemu za Mlima Kenya, wote walichanga kidogo kidogo kwa miaka, haba na haba, mpaka chama kikanunua shamba kubwa nyuma ya kila kitu. Ukipita Buruburu, ukapita tena mahali ambapo ulidhani Nairobi imekwisha, ulifika kwetu. Udongo ulikuwa mweusi, na mvua ikinyesha ulikuvua kiatu na kukataa kukirudisha. Watu wa Buruburu walikuwa na nyumba za ghorofa zenye ngazi ndani. Sisi tulikuwa na vyumba viwili, ahadi ya cha tatu, na katiba.

Katiba hiyo ilikuwa nene kuliko kuta. Ilisema nani afuge kuku na nani asifuge, rangi ya milango, na namna ya kumwondoa mwenyekiti, kifungu ambacho mwenyekiti mwenyewe alikisoma kwa haraka sana. Nyumba ziligawanywa kwa bahati nasibu. Vikaratasi vilikunjwa vikatiwa ndani ya sufuria kubwa ya pilau iliyoazimwa kwa mwanachama mmoja, na kila mtu akaja akachovya mkono. Baba alitoka na karatasi yenye harufu ya bizari. Waliopata karibu na lango walisema Mungu ni mwema, na waliopata karibu na bomba la maji machafu walisema Mungu ana mipango yake.

Baba aliingia ushirika kwa sababu ya nyumba. Mama aliingia kwa sababu ya mstatili mmoja mdogo. Kwenye ramani iliyotundikwa ofisini mwa chama, katikati ya nyumba zote, kulikuwa na mstatili ulioandikwa NASARI, na mchoraji alikuwa ameuwekea miti ambayo haikuwahi kuota na mama mmoja mwenye mwavuli akimshika mtoto mkono. Mama yangu alikuwa na cheti cha ualimu wa nasari, na aliitazama picha ile kana kwamba yule mwenye mwavuli ni yeye. Kamati ilimwambia nyumba kwanza, nasari baadaye, naye aanzie nyumbani. Baadaye haikufika. Lakini kila jioni mama alikwenda kuokota mawe na chupa zilizovunjika kwenye uwanja ule mtupu, kwa sababu alisema watoto watakimbia pale bila viatu. Watu walimcheka kidogo. Mimi nilimcheka zaidi, kwa kuwa ndimi niliyebeba karai la mawe.

Miaka ya tisini ilipoingia, kunyakua ardhi kulikuwa mchezo wa taifa kuliko kandanda. Mtu alikwenda haja, akirudi anakuta choo kimeuzwa. Siku moja asubuhi, watoto wakiwa kwenye uji, niliona vijana wawili uwanjani wamesimamisha darubini ya kupimia juu ya miguu mitatu. Kando yao kulikuwa na gari kubwa jeupe lililofungwa madirisha. Mama alitoka na chaki mkononi akawauliza wanafanya nini. Walimwambia wao wanapima tu, amwulize mkubwa. Mama akaligonga dirisha la gari. Mkubwa hakulifungua. Tulimwona ndani anakula njugu.

Jumapili iliyofuata, baada ya kila mtu kutoka kanisani kwake, mkutano wa wanachama ulifanyika pale pale uwanjani. Mwenyekiti alikuja na koti lake la suti, lile alilolivaa hata jua likiwa la kupasua mawe. Alikuwa karani mstaafu mwenye kupenda neno "utaratibu". Mmoja alisema twende kortini, na wote wakakumbuka walivyosubiri kesi zao. Mwingine alisema twende kwa kanjo, watu wa halmashauri ya jiji, na hapo mkutano ukacheka vizuri kwa mara ya kwanza. Fundi wa mabomba alijitolea kuelekeza maji machafu uwanjani ili mnyakuzi ajenge ndani ya kinyesi, na wazo hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Ndipo baba yangu, ambaye hakuwa akisema kitu mikutanoni na ambaye nia yake hasa ilikuwa kurudishiwa kochi lake, akasimama.

"Wekeni kanisa," alisema. "Choo wanabomoa. Soko wanabomoa. Kanisa hapana. Hakuna mtu wa serikali anataka kupigwa picha akibomoa kanisa."

Watu waliona aibu kwamba hawakufikiria wao. Kisha ugomvi ukaanza, maana swali lilikuwa kanisa gani. Nusu ya Wakamba walikuwa wa kanisa moja na nusu nyingine wa kanisa lililojitenga na lile la kwanza kwa sababu ya ngoma. Wakikuyu walikuwa na makanisa matatu, mojawapo likiwa la wanaovaa vilemba vyeupe na kuomba wakielekea mlimani. Waliosali rozari walikuwa wachache lakini walikuwa na padri mzungu, na watu waliogopa kwamba akishafika atajenga kwa mawe. Kila upande ulisema hauna nia mbaya, ila wale wengine ndio wenye nia mbaya. Tulikuwa watu waliojenga mtaa mzima pamoja bila kugombana sana, lakini ilipokuja kwa Mungu mmoja tukashindwa.

Mwenyekiti alituokoa, kama ni kuokolewa. Alisema tutafute mhubiri asiye wa mtu. Kila mmoja alimjua mhubiri wa stendi ya Jogoo Road, yule mwembamba mwenye koti la kumzidi na kipaza sauti cha mkononi ambacho betri zake zilikufa kila alipofika kwenye Ufunuo. Alihubiria watu waliokuwa wakikimbilia kazini, na hakuna aliyewahi kusimama kumsikiliza. Huyo, alisema mwenyekiti, hana dhehebu, hana askofu wa kumtuma, hana hata kiti. Tutampa turubai, atasali pale mpaka mnyakuzi achoke, halafu mambo yatarudi kwa utaratibu.

Mama aliinua mkono akauliza swali moja tu. "Na akimaliza kazi, ataenda?"

"Mwalimu, huyo ni mtu wa kutuletea shida kweli?" mwenyekiti alisema. "Hana hata kanisa."

Watu wakacheka kwa faraja. Tazama basi akili zetu. Mwenye kanisa angemaliza kazi akarudi kanisani kwake. Sisi tulitafuta mji mzima mpaka tukampata mtu pekee ambaye hakuwa na pa kurudi, na tukamchagua kwa sababu hiyo. Kura ilipopigwa, mama alinyosha mkono wake juu kabisa, mkono uliokuwa bado na vumbi la chaki.

Mhubiri aliitwa akaelezwa. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kijistuli cha nasari, magoti yakigusa kidevu, kisha akalia machozi. Alisema amemwomba Mungu mahali pa kusimama kwa miaka mingi. Kila mtu alisikia maneno hayo na hakuna aliyeyaelewa. Mama alimwongezea uji.

Turubai lilisimamishwa. Lilikuwa la buluu, lilitoka kwenye lori la baba, na mbele yake tuliandika kwa rangi HAPA NI KWA BWANA, kwa kuwa jina la kanisa lingeleta ugomvi upya. Haikupita muda mrefu, tingatinga likaja.

Siku hiyo naikumbuka kwa sababu nilipiga ngoma mpaka viganja vikavimba. Mama alilipeleka darasa zima uwanjani, watoto wawili wawili wameshikana mikono, akawapanga ndani ya turubai na kuwaambia waimbe. Wanawake wa mtaa walikuja na leso viunoni. Askari waliokuwa wameandamana na tingatinga walipoona kanisa walivua kofia, wakabaki hawajui mikono waiweke wapi. Mhubiri alitoka mbele. Nakiri alikuwa jasiri, kama si jasiri basi hakuwa na cha kupoteza, na kwa mbali huwezi kutofautisha. Alikwenda mpaka kwenye tingatinga, akaweka mkono juu ya boneti, akaanza kuliombea.

Dereva alizima injini, kwa heshima au kwa kuogopa kumkanyaga mtumishi wa Mungu. Mhubiri aliomba mpaka jasho likamlowesha koti. Alipomaliza, dereva aliambiwa na wakubwa wake awashe. Akawasha. Tingatinga likakohoa. Akajaribu tena, likakohoa kidogo zaidi, kisha likanyamaza kabisa.

"Ni betri," baba alisema kando yangu. "Hiyo ni betri tu, imekufa. Angeacha injini ikiwaka."

Lakini nani angemsikiliza dereva siku ya muujiza? Wanawake walipiga vigelegele, mmoja akazirai kwa hiari yake, na watoto wetu wa nasari wakaimba ba be bi bo bu kwa sababu nyimbo nyingine zilikuwa zimewaishia. Tingatinga lilibaki uwanjani siku kadhaa, na watu walikuja kuligusa. Lilipovutwa kuondolewa, lile gari jeupe halikuonekana tena, na mtaa ulipika githeri na nyama ukasherehekea ushindi. Mwenyekiti alitoa hotuba. Mama alikaa kwenye kona ya uwanja akiwa ameuchukua ufito, anachora ardhini pale mlango wa darasa utakapokuwa. Alifurahi, na mimi nilifurahi nilipomwona hivyo.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Habari ya tingatinga lililoshindwa na maombi ilienea. Watu walikuja kutoka Mukuru kwa Reuben kwa miguu, vibarua wa viwandani ambao hawakuwahi kuona bosi wala mashine ikishindwa. Walikuja kutoka Pipeline, ambako ghorofa za kupangisha zilikuwa zimeanza kupandana. Turubai likajaa, likaongezwa turubai. Mhubiri akawa mchungaji. Turubai zikawa mabati, na mchungaji akawa mchungaji mkuu, ingawa hakukuwa na mchungaji mdogo. Koti lake lilianza kumkaa vizuri.

Mbaya zaidi ni kwamba wa kwetu nao waliingia. Kila mmoja alisema anakwenda kuangalia tu. Fundi wa mabomba, yule wa maji machafu, alibatizwa ndani ya tangi alilolifunga mwenyewe. Mchonga vinyago mmoja alitengeneza mimbari, na kwa kuwa maisha yake yote alichongea watalii, ilikuwa na twiga wawili ubavuni na simba anayecheka mbele. Mwenyekiti akawa mzee wa kanisa. Ukiwaacha wenye rozari, makanisa yale matano yaliyoshindwa kukubaliana yalikubaliana sasa, maana hili halikuwa la mtu, kwa hiyo lilikuwa la kila mtu.

Mama alivumilia hadi mvua za masika zilipokwisha, kisha akavaa rinda lake la mikutano akaenda kumwona mchungaji. Nilimsindikiza. Alimshukuru kwa kazi, akamwambia mnyakuzi amekwisha, na sasa angeomba uwanja uachiwe nasari. Mchungaji alimsikiliza kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa kuwa mtu mbaya ningejua la kumfanya.

"Mwalimu, Mungu hajaniambia niende," alisema.

"Lakini ni sisi tulikuambia uje."

"Ninyi mlikuwa chombo tu."

Tulirudi nyumbani. Mama aliandaa chakula cha jioni akakitia chumvi mara mbili.

Alilipeleka jambo hilo kwenye mkutano mkuu, kama katiba ilivyoruhusu. Mwenyekiti, ambaye sasa alifungua mikutano kwa sala ndefu kuliko ajenda, alisema hoja imesikika na tuipigie kura kwa upendo. Wakaombwa wanaotaka kanisa liondoke wanyoshe mikono. Mama alinyosha. Baba alinyosha yote miwili, na mwenyekiti akasema itahesabiwa mmoja. Nyuma kulikuwa na mikono michache ya wenye rozari, ikiwa nusu juu kama inayojikuna. Majirani waliokula githeri yetu, ambao watoto wao mama aliwafundisha kushika penseli, walitazama viatu vyao. Asante ya punda ni mateke, nilisema kwa sauti, nikaambiwa ninyamaze kwa sababu mimi si mwanachama.

Baada ya hapo kanisa likajengwa kwa mawe, na mchungaji mkuu akawa askofu. Nani alimsimika, sijui hadi leo. Kisha, ubavuni mwa kanisa, palepale mama alipochora mlango, kukajengwa madarasa. Kibao kilisema ni akademi. Siku zile kila kitu kilikuwa akademi. Watoto walivalishwa sweta za rangi ya damu ya mzee, soksi ndefu na tai yenye lastiki, na mzazi aliyemwona mtoto wake ndani ya tai hakuweza tena kumwona kwenye mkono wa kochi letu.

Wakaondoka mmoja mmoja. Mama hakuwalaumu. Kila aliyekuja kuaga alipewa mkono na kuambiwa mtoto asisahau kuosha mikono. Mwishowe akabaki msichana mmoja tu, ambaye mama yake aliuza sukumawiki barabarani. Mama alimfundisha huyo mmoja ratiba nzima, kila kipindi, hata nyimbo za kupokezana, ambapo mimi nilikuwa upande wa pili. Halafu yule mwuza sukuma naye akaja, akasimama mlangoni. Akaacha fungu kubwa la mboga juu ya stuli akaondoka. Tulikula sukuma hiyo kwa siku kadhaa na sijawahi kula mboga chungu kama ile.

Sebule ikarudi kuwa yetu. Mama alitoa vitambaa vya kochi alivyovifuma kabla sijazaliwa akavitandaza vyote. Baba alipotoka zamu alikaa katikati ya kochi lake, akanyosha miguu, akatazama televisheni yenye mvua. Niliona hatulii. Alikwenda kulala, akarudi. Alikaa tena.

"Hebu sema hata ba be bi bo bu," aliniambia.

Nilidhani anatania, kisha nikamtazama usoni nikaisema. Alitikisa kichwa, akasema haifanani, akatoka nje kwenda kuosha lori ambalo halikuwa chafu.

Muhula wa pili wa akademi, askofu alibisha hodi kwetu. Alikuja peke yake, bila wale vijana waliombebea Biblia. Tulimkaribisha chai, maana ndivyo tulivyolelewa, ingawa mimi nilimwekea kikombe kilichopasuka. Alieleza kwamba madarasa ya wadogo hayaendi. Alikuwa ameajiri wasichana waliotoka kidato cha nne, kama mimi, na watoto walikuwa wakilia mchana kutwa au wakifungiwa ndani ili wasilie nje. Wazazi wote walikuwa wakimtajia jina moja. Alitaka mama awe msimamizi wa nasari. Kulikuwa na sharti dogo. Mwalimu wa akademi lazima awe ameokoka, na wokovu wake utangazwe mbele ya kanisa.

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia kwamba amenyakua uwanja, amenyakua watoto, na sasa anataka kunyakua roho, na kwamba yule wa gari jeupe angalau alikula njugu zake bila kutuhubiria. Baba hakunizuia. Mama ndiye aliyeniambia nikalete sukari, na sukari ilikuwa mezani.

Kisha akamgeukia askofu, akamwuliza kwa sauti ile ile aliyoitumia kumwuliza mtoto kama amekojoa.

"Watoto wanacheza wapi?"

Askofu alieleza kwamba kwa sasa uwanja ulikuwa na magari, magari ya kanisa na ya wageni, na kwa hiyo watoto walikuwa wakipumzika darasani.

"Magari yatoke," mama alisema. "Yalale nje ya lango. Mlango wa darasa ufunguke uwanjani. Na mtu asiegeshe hapo tena, hata wewe."

Askofu alitafuta kitu ndani ya kikombe. Alisema Jumapili itakuwa vigumu. Mama akamwambia Jumapili ni yake, hizo siku nyingine ni za watoto. Walikubaliana hivyo, na kikombe kilichopasuka kikamchuruzikia chai kwenye suruali, akajifanya hakuona.

Sikutaka kwenda siku hiyo ya kuokoka, nikaenda. Baba alikaa nje kwenye ukuta wa lango, akisema yeye ni dereva, yuko tayari tukihitaji kutoroka. Ndani kulikuwa na mtaa mzima. Mama aliitwa mbele, akasimama kando ya twiga, mdogo zaidi kuliko nilivyomjua. Askofu alimwombea, akampa kipaza sauti, ambacho sasa betri zake hazikufa, akamwambia ataje mbele ya ndugu dhambi anayoiacha leo.

Mama alitazama viti vyote, polepole, safu kwa safu, kama anayeita rejista. Alimtazama mwenyekiti, fundi wa mabomba na mchonga vinyago.

"Dhambi yangu ni moja," alisema. "Siku ile ya kwanza tuliulizwa uwanjani, nilinyosha mkono."

Wageni wa Mukuru na Pipeline walisema amina kwa nguvu, na askofu akasema haleluya. Mwenyekiti alifungua kifungo cha koti lake, akakifunga tena. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu alianza kulia, na si kwa wokovu.

Jumatatu, magari yalikuwa nje ya lango. Mama alifungua mlango wa darasa, akawatoa watoto, akawaambia wavue viatu na soksi na zile tai za lastiki, wavipange ukutani. Mwanzoni walisimama tu, wamezoea kukaa. Kisha mmoja akakimbia, na wengine wakamfuata, wakapita kwenye udongo ule mweusi, na hakuna aliyekatwa na chupa. Mimi nilikuwa kando yake. Nilikuwa nimekasirika tangu Jumapili na nilitaka kujua, nikamwuliza kama kweli ameokoka au aliwadanganya.

Alikuwa akiwatazama watoto tu.

"Wako nje?" aliniuliza.

Nikamwambia wako nje.

"Basi," alisema, akaingia ndani kukoroga uji.